Meza ya Jumapili, na Hati Tuliyochelewa Kuiandika

Ugali wa mtu mmoja haupikiki. Nilijaribu mwaka mzima baada ya kustaafu 2021, na kila mara ulitoka ama uji mzito ama jiwe. Sufuria ndogo huungua kabla unga haujaiva, na ukitumia ile ya kawaida unabaki na kiporo cha siku tatu. Mume wangu aliaga 2014, mwanangu yuko Nairobi, binti yuko Eldoret, na nyumba ya Migosi, hapa Kisumu, tuliyoipigania miaka yote ipate nafasi ya kutosha ikawa na nafasi ya kupita kiasi. Nikazoea mkate na chai ya rangi saa moja jioni, nimesimama jikoni. Siku moja nilijikuta nakula omena kwa vidole kutoka kwenye sufuria, taa nimeizima ili niokoe tokeni. Nikaona haya peke yangu, gizani. Kesho yake nikaanza kualika watu.

Chakula cha kwanza nilialika kumi na wawili, wakaja wanne. Nilikuwa nimechinja kuku wawili wa kienyeji, nimelaza managu kwenye maziwa tangu jana yake, nimesonga ugali wa wimbi na kupika chapati ishirini. Tulikula, tukafungasha, na bado Jumatatu nzima watoto wa jirani walipita na chapati mkononi.

Kosa langu lilikuwa siku. Huku magharibi Jumamosi ni ya mazishi. Hata kama kwenu hakuna msiba, kuna msiba kwa uliyefanya naye kazi, na basi limeshakodishwa tangu Alhamisi. Isitoshe, Mwalimu, mama wa Kisii aliyestaafu ukuu wa shule, ni Msabato na Jumamosi hawashi jiko mpaka jua litue. Tukahamia Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni. Bahati ni kwamba Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye hufurika, basi mwenye zamu huenda asubuhi akarudi na kuku, mboga na nyanya za siku hiyohiyo.

Tulibaki wanane, na tuko wanane hadi leo. Mimi, katibu. Mwalimu. Jaduong', aliyestaafu reli na ambaye Desemba 2021, treni ya abiria iliporudi Kisumu, alivaa koti akaenda stesheni kuipokea kama mgeni wake. Mama Kibos, Mnubi, ambaye gurusa zake nyembamba kama karatasi hutufanya tusahau chapati. Baba Mapacha na mkewe, wenye duka la vifaa vya ujenzi Kondele. Karani, tunayemwita hivyo kwa sababu alikaa kwenye rejista ya mahakama zaidi ya miaka thelathini. Na mdogo wetu wote, binti ya dada yangu, aliyekuwa amehamia Kisumu kikazi na ambaye nilimleta kwa hila, nikidhani nahitaji mtu wa kuosha vyombo.

Usidhani kula pamoja ni jambo jepesi. Mumi haingii kwenye chungu chetu kwa sababu Mwalimu hali samaki asiye na magamba, na nguruwe hata hatajwi. Kuku huchinjwa na kijana wa Mama Kibos, popote zamu ilipo, naye hulipwa nauli ya boda. Hayo tuliyamaliza mwezi wa pili. Kilichotaka kutuvunja ni mashindano. Baba Mapacha, zamu yake ilipofika, alikodi viti, akachoma mbuzi, akaweka na kreti mbili za soda. Mwezi uliofuata Jaduong' akaumwa mgongo. Uliofuata, Mwalimu akapata safari ya ghafla. Nikaelewa. Pensheni haichomi mbuzi.

Tukaweka sheria: kitoweo kimoja, mboga moja ya kienyeji, ugali, tunda. Basi. Kila mtu hutuma shilingi 400 kwa mweka hazina kufikia Jumatano, hivyo mwenye zamu anaingia Kibuye na 3,200 mkononi, awe tajiri au mkata. Na chenji inarudishwa, pamoja na hesabu. Hiyo ya chenji ilileta mguno. Mke wa Baba Mapacha alisema tunajifanya benki. Lakini zamu ya kwanza ya yule mpwa wangu, aliwasili na daftari lililokunjwa, akatusomea: samaki kiasi gani, osuga mafungu mangapi, boda, makaa, kisha akaweka shilingi 70 mezani, sarafu, karibu na bakuli la chumvi. Hakuna aliyecheka. Jaduong' alizitazama zile sarafu, akasema, "Huyu mtoto ataibiwa, lakini hataiba." Papo hapo tukamfanya mweka hazina, na mimi nikarudi kuosha vyombo vyangu mwenyewe.

Zile sarafu 70 nitazirudia.

Habari ya hati ililetwa mezani na Jaduong', kwake Mamboleo, katikati ya 2022. Tulikuwa tumemaliza ngege wa kuchemsha, vichwa vimeshagombaniwa na kugawanywa, ndipo akachomoa bahasha kutoka chini ya mto wa kiti. Binti yake anafanya kazi Qatar. Alitaka kununua ploti huku nyumbani, na kwa kuwa hawezi kuja kila karatasi inapohitaji sahihi, alikuwa amesaini mbele ya afisa wa ubalozi wetu Doha hati ya kumpa babake mamlaka ya kusaini kwa niaba yake. Mtaani watu husema tu pawa ovu atoni. Karani alituambia tuiite hati ya uwakilishi, maana ukisema ya uwakili watu hudhani unazungumzia wakili wa kortini, na mwakilishi si lazima awe amesoma sheria hata siku moja.

Jaduong' hakuwa na furaha. Hati ilitaja nambari ya ploti moja, ikasema ananunua hiyo tu, analipa fedha hizo tu, anasaini uhamisho huo tu. "Mtoto niliyemlipia karo anaweka kamba shingoni mwangu," alisema.

Karani alivaa miwani akaisoma mara mbili, pole pole, huku sisi tukinyonya mifupa. Kisha akasema, "Jaduong', huyu mtoto amekupenda. Angekupa ile ya jumla, inayosema fanya lolote ningeloweza kufanya mimi, wale vijana wanaokuja kukunywesha chai wangeshakushawishi uweke ardhi yake rehani. Sasa ukiombwa, unasema karatasi hainiruhusu." Akatueleza tofauti, jumla na maalumu, na kwamba kwa mambo ya ardhi hati haitoshi kukaa ndani ya bahasha: inalipiwa ushuru wa stempu na kusajiliwa katika ofisi ya ardhi, ndipo msajili aitambue. Na binti akibadilisha nia, anaifuta kwa kumjulisha msajili rasmi. Kumpigia babake simu na kulia hakutoshi.

Baada ya hapo akatugeukia. "Na nyinyi je? Nani anajua nambari ya siri ya nani? Ukilazwa kesho, nani atalipa mlinzi?"

Kimya. Mwalimu akasema tusichuriane mbele ya chakula. Mimi nilisimama nikaenda kutafuta vijiti vya meno ambavyo hakuna aliyeviomba.

Baba Mapacha ndiye aliyevunja kimya, na kwa mtu anayependa kuonekana amefanikiwa, alituambia jambo la aibu. Kakake, aliyekuwa Marekani, alimpa hati ya kuuza ploti yake. Mnunuzi akapatikana, akalipa arubuni. Wiki hizo hizo kaka akafa. Baba Mapacha, kwa akili ya kawaida kabisa, aliona sasa ndiyo ana sababu zaidi ya kuuza: kuna maiti ya kusafirisha, kuna mazishi. Akaendelea. Wakili wa mnunuzi alipouliza kama mwenye ardhi yu hai, akajibu kweli, na mambo yote yakasimama. Hati ilikufa siku kaka alipokufa. Kuanzia hapo mali ni ya marehemu, na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema anayeigusa bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. "Nilikuwa nimekaribia kufungwa kwa kumzika ndugu yangu," alisema. Arubuni ikabidi irudishwe, na familia ikaanza safari ya kawaida: barua ya chifu, mahakama, tangazo katika Gazeti rasmi na siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, halafu miezi sita kabla ya kuthibitishiwa mirathi.

Mkewe, ambaye hukatiza kila hadithi yake, hiyo hakuikatiza.

Mimi nilirudi nyumbani usiku huo nikijua hasa ni nani aliyepaswa kuandika hati, na nikajiambia nitalishughulikia Desemba, watu wote wakiwa nyumbani.

Mama yangu yuko Vihiga, si mbali na Mbale. Wakati huo alikuwa na miaka 84. Ana shamba dogo, maana huko kwetu watu wamebanana mpaka mpaka wa shamba unakuwa mstari wa migomba, na ana ploti sokoni yenye vyumba viwili vya kupangisha, hati miliki kwa jina lake mwenyewe, aliyoipata kwa kuuza ndizi na kukopa kwenye chama. Alikuwa ameanza kusahau. Anatia sukari mara mbili. Ananiita kwa jina la senje, shangazi yetu, aliyekufa zamani. Lakini ukikaa naye asubuhi, akiwa ameota jua, anakutajia deni la kila mtu kijijini na riba yake. Tulijishika na asubuhi hizo. Desemba 2022 tulikusanyika wote, tukala, tukaimba, na mimi nikaangalia pembeni kila nafasi ilipopatikana. Utamwambiaje mama mbele ya wajukuu, Mama, andika karatasi kabla akili haijaisha? Niliona kama nitakuwa nimemfungulia kifo mlango.

Miezi mitano baadaye alianguka njiani kutoka chooni akavunjika nyonga.

Hospitalini, jambo la kwanza lilikuwa idhini ya upasuaji. Nesi aliuliza, nani anasaini? Kaka yangu akasema yeye, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi nikasema mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Tuliinuliana sauti mbele ya wagonjwa wa watu. Baadaye Karani alinionyesha kwamba Sheria ya Afya ya 2017 ina mpangilio: mgonjwa asiyeweza kuidhinisha mwenyewe, anaidhinisha mtu ambaye mgonjwa alimteua kwa maandishi, au aliyepewa uwezo huo na sheria au amri ya mahakama, kama hayupo, ndugu wa karibu. Kwa maandishi. Ukurasa mmoja, ambao Mama angeweza kuutia sahihi asubuhi yoyote ya Desemba ile, ungetuepusha aibu.

Bima ililipa sehemu. Kodi ya vyumba vya sokoni ilikuwa ikiingia kwenye simu ya Mama, na nambari ya siri aliisahau. Akaunti ya benki ilikuwa yake peke yake. Pesa zake zipo, anaumwa, na hatuwezi kuzigusa kumtibu. Kaka akasema anamjua mtu fulani anayetengeneza karatasi. Elfu tatu tu, Mama aweke kidole gumba, siku mbili tunauza ploti. Dada yetu mdogo, mamake mweka hazina wetu, alimuuliza swali moja: "Na akikuuliza ni nini alichogusa na kidole, utamwambia nini?"

Basi nikamtafuta wakili wa kweli hapa Kisumu, na Mama alipoweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu tukampeleka. Nilikuwa nimemvalisha kitenge chake cha kanisani. Nilikuwa pia, nakiri, nimemfundisha majibu garini, kama mtoto anayepelekwa mahojiano ya nasari.

Wakili, kijana mdogo mwenye adabu, alituomba sote tutoke. Mlango haukufungika vizuri. Alimwuliza, "Mama, hawa waliokuleta ni nani?" Akajibu vizuri, majina yote, hata yangu. Moyo wangu ukapaa. "Una mali gani, Mama?" Kimya. "Unataka wakufanyie nini?" Mama akasema, kwa sauti ile ya kudai deni, "Nataka wanirudishie ng'ombe zangu." Ng'ombe gani, Mama? "Wale wa 1984."

Ng'ombe hao walikufa kwa kiangazi cha 1984. Kaka alicheka, kisha akageukia ukutani.

Wakili alitoka akatuambia hawezi, na akatueleza kwa nini, bila kutuharakisha. Hati ya uwakilishi ni mtu mwenye mamlaka kumgawia mwingine mamlaka hayo. Asiyeelewa anachogawa hagawi kitu. Hapo nikamwuliza lililokuwa limenikaa kooni: kama angesaini Desemba? Akaniangalia kidogo kabla ya kujibu. Angesaini Desemba, alisema, ingekusaidia mpaka pale. Akili inapoondoka, hati ya kawaida nayo hupoteza nguvu, kama inavyokufa kwa kifo. Hata Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu mwenye maslahi kumwarifu msajili kwamba hati imefutika kwa sababu hiyo. Nimesikia kuna nchi zenye hati maalumu inayodumu hata akili ikipotea. Watu wengi hapa kwetu wanadhani yao ni ya aina hiyo. Siyo.

Njia iliyobaki ilikuwa Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248: ombi, ripoti ya daktari, viapo vya watoto wote, kisha mahakama iteue wa kusimamia mali yake. Ilichukua miezi. Mimi na dada mdogo ndio tulioteuliwa. Kaka alisaini kukubali, lakini baada ya wiki tatu za kutopokea simu. Tunakusanya kodi, tunamlipa msichana anayemlea, tunanunua dawa na nepi, na tunatakiwa kuorodhesha mali na kutoa hesabu. Ploti hatuwezi kuuza wala kuweka rehani bila kurudi mahakamani kuomba ruhusa. Zamani ningeona huo ni usumbufu. Siku hizi, nikikumbuka yule mtu wa elfu tatu, nashukuru kuna mtu mwenye joho anayeniuliza risiti.

Deni la hospitali je? Tulikopa. Na Jumapili moja katika miezi hiyo ilipofika zamu ya Mwalimu, nilikuta amepika mboga peke yake, chinsaga na ugali, hakuna kitoweo. Wanane wote walikuwa wametoa 400 zao kama kawaida. Mweka hazina alinipa bahasha na daftari juu yake. Imeandikwa: chinsaga 200, unga 180, boda 100, Mama wa Katibu 2,720. Niliila chinsaga ile chungu yake ikichanganyika na ya machozi, na Mama Kibos akaniambia, "Dada, kula, usitie chumvi zaidi."

Ndipo nikarudi kwenye lile swali la Karani. Na nyinyi je?

Niliamini kwamba kazi ngumu ingekuwa sheria. Kumbe sheria ilichukua asubuhi moja. Kumchagua mtu kulinichukua miezi minne. Kila mtu alidhani ningemteua mwanangu. Hata yeye. Ni kijana mzuri, hanyimi mtu, na ndiyo shida: pesa mkononi mwake hazina mwenyewe. Niliwahi kumpa 15,000 alipokuja likizo anunue mabati ya jikoni. Mabati yalikuja, machache kuliko tulivyosema, na nilipouliza akanikumbatia. Hakuiba. Alimsaidia rafiki, akanunua mafuta, akaninunulia na zawadi. Mtu wa namna hiyo unamwachia hadithi zako, unamwachia hata nyumba ukishakufa, lakini humpi kitabu cha kodi ukiwa kitandani huwezi kuinuka.

Nami nilikuwa nimekaa meza moja kwa zaidi ya miaka miwili na mtu niliyemwona akihesabu pesa za watu wengine kila mwezi. Niliona anavyopakua: wazee kwanza, yeye mwisho, na akikosa nyama hasemi. Niliona siku Baba Mapacha alipomwomba amkopeshe 2,000 za chungu mpaka Ijumaa, akamwambia, kwa heshima zote, "Baba, hizi si zangu, niwaulize wenyewe?" Na nilikuwa nimeziona zile shilingi 70 kando ya bakuli la chumvi.

Nilimpigia mwanangu kabla ya kusaini. Nilitaka asikie kutoka kwangu. "Mama, mimi ni kifungua mimba," alisema. Nikamwambia najua, nilikuwepo. Alinuna mwezi mzima. Binti yangu wa Eldoret alisema tu afadhali, yeye hana muda. Mpwa wangu mwenyewe hakuruka kwa furaha: "Mama Mkubwa, wakisema nimekula mali yako?" Nikamwambia ndiyo sababu tutaandika kile usichoweza kufanya.

Tukaandika. Anaweza kukusanya kodi ya vyumba vyangu viwili vya nyuma, kulipa ada za kaunti, kulipa fundi, kufuatilia pensheni yangu. Hawezi kuuza, hawezi kuweka rehani, hawezi kujilipa. Miaka miwili, kisha tuandike upya nikiwa bado najua jina langu. Benki ilikuwa na fomu yake yenyewe ya kumruhusu mtu, na ilikataa kabisa kutumia karatasi yetu peke yake. Nawaambia mapema mwulize benki yenu kabla hamjalipa wakili. Kwa hospitali, ukurasa wa pembeni, ule wa kumteua wa kuidhinisha matibabu, nao niliwapa wawili: mpwa na binti yangu.

Nilirudi kwa wakili yuleyule. Alimwomba mpwa atoke. Akaniuliza hawa waliokuleta ni nani, una mali gani, unataka akufanyie nini, kuna aliyekulazimisha? Swali la tatu lilinikera. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto, ndipo nikamsikia Mama nyuma ya mlango ule usiofungika, akidai ng'ombe zake. Nikajibu yote manne, moja baada ya jingine, kwa ukamilifu.

Na kwa kuwa hati hiyo itakufa nami, niliandika wosia kando. Unahitaji mashahidi wawili wanaokuona ukisaini, na wasiwe watu unaowaachia kitu, maana shahidi anayerithi anaweza kupoteza alichoachiwa. Zangu zilikuwa sahihi za Mwalimu na Mama Kibos, kwangu Migosi, baada ya kula. Mama Kibos alinawa mikono mara mbili kwa sabuni, akaipangusa meza, akaipangusa tena, asije akaacha alama ya mafuta kwenye karatasi ya mtu. Mwalimu, aliyetukataza kuchuriana, alitoa kalamu yake mwenyewe, ile ya wino mwekundu ya kusahihishia. Tukamkataza. Tulicheka mpaka Jaduong' akatoka nje kupunga hewa. Baba Mapacha aliuliza kama wakili huyo anapokea watu Jumatatu.

Zamu yangu ya mwezi uliofuata nilimleta Mama. Dada mdogo alimshusha kutoka kwenye gari, tukamkalisha pembeni ya dirisha, blanketi magotini. Nilikuwa nimepika mrenda na mushenye kwa ajili yake, na samaki kwa wengine. Alikula vizuri. Kisha akaanza kuwatazama, mmoja mmoja, hadi akamaliza meza nzima, akaninong'oneza kwa Kimaragoli, hawa watu ni nani?

"Ni watu wa chakula, Mama."

"Wamelipa?"

Mpwa wangu aliposikia alichukua daftari, akalifungua magotini mwa nyanya yake, akamwonyesha mstari kwa mstari kwa kidole. Mama alifuata kile kidole hadi chini kabisa ya ukurasa, midomo ikicheza kama anayehesabu.

"Basi," akasema, "wapakulie."